Sura ya Tisa: Ganda la Chungwa

Kimya cha mwanamwali ni ndiyo. Ndivyo alivyoolewa bibi yake Thuraya, ndivyo alivyoolewa Shangazi Najiat, na kwa njia hiyo hiyo Shangazi Najiat alikuwa amekuja leo kulichukua jibu la Thuraya. Alisimama ndani ya chumba, mgongo ameuegemeza mlangoni kana kwamba kuna mtu anayetaka kutoroka.

“Nitakuuliza mara tatu,” alisema. “Si kwamba wewe ni kiziwi. Ndivyo inavyoulizwa. Ukinyamaza zote tatu, natoka kuwaambia wanaume umeridhia. Ukisema hapana, nawapelekea hapana yako pamoja na sinia lao. La katikati halipo, Thuraya. Usinitafutie la katikati.”

La katikati ndilo hasa alilokuwa akilitaka Thuraya.

Alimtaka Shilinde. Alimtaka kwa namna iliyomwaibisha mwenyewe, hata alasiri hii, bajaji iliposimama nje ya nyumba naye akaisikia sauti yake ikiagana na dereva, vidole vyake vilianza kucheza juu ya goti bila ya kuamrishwa. Lakini posa ya Shilinde ilikuwa imefungwa kwenye sharti. Wajumbe walipokuja kubisha hodi juma lililopita, baba yake, Mzee Hamdun, aliwasikiliza kwa heshima, akawanywesha kahawa, kisha akasema kwamba hana neno na kijana. Dini yake anaijua, wanaswali msikiti mmoja kila Ijumaa. Kwao Nzega ameulizia, ni watu wa haki. Sharti lake ni moja tu: binti yake akiingia kwenye ndoa, klarineti yake ibaki nje ya ndoa. Asiipige jukwaani, asiipige ukumbini, asiipige.

Mjomba Ngollo, mjomba wa kijana na mshenga wake, alilibeba sharti hilo mpaka kwa Shilinde. Shilinde akalikubali. Hakumuuliza Thuraya.

Leo wajumbe walikuwa wamerudi kuchukua jibu. Sebuleni vikombe vya kahawa viligongana, na Mjomba Ngollo alikuwa akimtania Mzee Hamdun kwamba vikombe vyenyewe ni vya kunyweshea vifaranga, Msukuma akinywea hivi atarudi kwao na kiu. Wanaume walicheka. Shilinde hakuwamo miongoni mwao. Mposaji haingii siku ya jibu. Hukaa nje, kwenye kibaraza cha jirani, akaungoja uso wa mshenga wake.

“Thuraya binti Hamdun,” Shangazi Najiat alianza, na sauti yake ilibadilika, ikawa sauti ya shughuli. “Umeposwa na Shilinde, kwa masharti yaliyokubaliwa na baba yako na mshenga wake. Unaridhia?”

Thuraya aliitazama mikono yake. Hina ilikuwa bado mbichi kwenye kucha.

“Moja,” alisema shangazi, akaketi kwenye kiti kupumzisha miguu.

*

Siku tatu nyuma Thuraya na Shilinde walikuwa wamegombana ndani ya ghala la tumbaku.

Ghala lile lilikuwa tupu tangu mwenyewe ahamie Urambo, na bendi yao ililitumia kwa mazoezi kwa sababu hakuna jirani wa kulalamika. Kuta zilikuwa bado zinanuka majani makavu. Mwalimu Josepha, mwanamama mstaafu aliyemfundisha Thuraya klarineti tangu alipokuwa shuleni, aliketi kila mara karibu na mlango na kitambaa chake cha kushona, na kwa sababu ya Mwalimu Josepha, Mzee Hamdun aliyafumbia macho mazoezi hayo kwa muda mrefu. Mpaka mteja mmoja alipoingia dukani kwake kununua vitambaa, akamwonyesha kwenye simu picha inayocheza: binti yake, mbele ya watu, mdomo kwenye bomba.

Wimbo ule wa kwenye simu ndio ulioleta neema na balaa kwa pamoja. Zamani, katika bendi za jazi ambazo wazee wa Tabora bado wanazisimulia kwa macho yaliyofumba, klarineti iliwahi kuwa na mahali pake. Kisha magitaa ya umeme yakaja, saksafoni zikajipanga mbele kama walinzi, na sauti yake ikamezwa. Ikabaki kwenye bendi za kanisani na za polisi, huko ambako hakuna anayecheza. Mwalimu Josepha hakuwahi kukubali. Alikuwa akimtumia Thuraya rekodi za vijana wa ng’ambo, wapigaji wa jazi ya leo walioitoa klarineti uvunguni wakaisimamisha mbele, peke yake, bila ya saksafoni hata moja ya kuifunika. Chini ya kila rekodi aliandika maneno yale yale: Unasikia? Inarudi.

Na mwezi huu Agnetha, msimamizi wa tamasha la jazi la Dar es Salaam, alikuwa amewatumia ujumbe. Bendi yenu naitaka, alisema. Lakini wimbo uongozwe na klarineti tangu mwanzo hadi mwisho. Saksafoni ikae nyuma, iitikie.

Shilinde ndiye aliyekuwa kiongozi wa bendi. Shilinde ndiye aliyekuwa saksafoni.

Siku ile ya ugomvi Thuraya aliingia ghalani, akamkuta amekaa juu ya kreti, saksafoni inaning’inia shingoni, anamenya chungwa kwa kisu kidogo. Ilikuwa desturi yao. Klarineti yake ni ya mpingo, na mpingo ukikaushwa na kiangazi cha Tabora hupasuka kama kisigino, kwa hiyo ndani ya kisanduku chake huwekwa ganda bichi la chungwa ili mti upate unyevu. Shilinde ndiye aliyempelekea maganda hayo tangu siku walipojuana. Alilimenya chungwa kwa utepe mmoja mrefu, bila kuukata, akaula yeye moyo wa chungwa na kumpa Thuraya ganda. Wenzao wa bendi waliwacheka kwamba hapa Tabora kuna msichana anayechumbiwa kwa takataka.

“Ulikubali,” Thuraya alisema. Hakumsalimu.

Kisu kilisimama. “Nilikubali nikupate kwanza. Baba yako hakunifungulia milango miwili nichague.”

“Na ukishanipata?”

“Tutazungumza naye polepole. Mtu mzima hulainika.”

“Mimi ndiye ninayemjua. Baba halainiki, anazoea. Nami nitazoea, Shilinde. Nitakaa ndani mwaka mmoja nikizoea, na siku utakayoniambia sasa piga, midomo haitakumbuka.”

Shilinde alianza kumweleza mambo mengi. Kwamba mjomba wake alimwambia ukweli wa mambo, kwamba kuna mtoto wa ami yake Thuraya huko Muscat ambaye jina lake limeshatajwa mezani kuwa mposaji mwingine, kwamba mwanamume anayejadiliana na mkwe siku ya kwanza hapewi siku ya pili. Yote yalikuwa na akili. Ndiyo maana yalimchoma zaidi.

“Nikuulize kitu kimoja,” alisema Thuraya. “Mimi nikinyamaza, nani anarudi mbele?”

Shilinde aliinamisha macho, na kabla hajajua anachofanya, macho yale yakaangukia kwenye saksafoni iliyokuwa kifuani mwake. Yalikaa pale kufumba na kufumbua tu. Thuraya aliona.

“Hiyo si haki,” alisema Shilinde.

“Sikuuliza kama ni haki. Nimeuliza kama ni kweli.”

Karibu na mlango, sindano ya Mwalimu Josepha iliacha kwenda.

“Kidogo,” alisema Shilinde mwishowe, kwa sauti ya chini. “Siku nilipousoma ujumbe wa Agnetha nilicheka mbele yenu. Nikafika nyumbani, ugali ukanishinda. Kuna sehemu ndogo ya moyo wangu iliposikia sharti la baba yako ilipumua. Sikuialika, Thuraya. Ilikuwamo.”

Angesema uongo, Thuraya angeweza kumsamehe palepale, maana uongo wa mapenzi husameheka. Ukweli ulimwacha bila pa kushika. Alimtazama mwanamume huyu mrefu, mwenye kovu dogo kwenye mdomo wa juu alilolipata kwa kupuliza akiwa na kidonda, mdomo ambao alikuwa hajaugusa hata siku moja na aliokuwa akiuota, akahisi anampenda na hawezi kusimama karibu naye, yote kwa wakati mmoja.

Shilinde alinyanyuka, akamnyooshea ganda. Lilining’inia kati yao, la manjano, linatiririsha harufu.

“Kaa nalo,” alisema Thuraya. “Mti usiopigwa hauna haja ya maji.”

Akaondoka. Hakugeuka, ingawa shingo nzima ilimuuma kwa kutogeuka.

*

“Unalia?” Shangazi Najiat aliuliza.

“Hapana.”

“Basi lia kidogo. Inapendeza. Mimi nililia mpaka wakadhani nimekataa.” Aliinuka, akalivuta sinia lililokuwa juu ya meza. Wajumbe walikuwa wamekuja nalo, na kabla ya jibu huletwa ndani ili mwali auone moyo wa mposaji. “Hebu tazama alichokuletea, pengine kitakufungua uso. Unakijua kisa cha bibi yako? Alilirudisha sinia la babu yako mara mbili. Mara ya kwanza lilirudi kamili, yaani mlango umefungwa na komeo limetiwa. Mara ya pili likarudi kamili vilevile, wakahesabu nguo, wakahesabu marashi, kila kitu kimo. Babu yako peke yake ndiye aliyegundua kwamba kwenye nguo palikosekana sindano moja. Akajua mlango umerudishwa tu, haukufungwa. Mwezi uliofuata alikuja tena.”

Thuraya alikuwa amesikia kisa hicho tangu utoto. Alilifunua sinia kwa sababu shangazi alikuwa akimtazama. Doti mbili za kanga. Udi wa kipande kizuri, umefungwa kwenye karatasi ya dhahabu. Halua. Chupa ya marashi. Kila kitu kilipangwa na mikono ya wanawake wa Nzega, hilo lilionekana, kwa unadhifu wa watu wasiotaka kuchekwa na Waarabu wa mjini.

Aliinua kanga ya chini, na harufu ikampiga kabla ya macho.

Lilikuwa limelala pale chini kabisa, limekunjwa kwa uangalifu kama mkufu. Ganda la chungwa. Bichi. Utepe mmoja mrefu usiokatika.

Aliketi.

Hakuna mwanamke wa Nzega aliyeliweka lile. Hata Mjomba Ngollo hakujua limo. Shilinde hana ruhusa ya kuingia ndani ya nyumba hii leo, hana ruhusa ya kusema neno, mshenga wake ndiye mdomo wake na mdomo huo umeshakubali sharti mbele ya watu wazima. Kitu pekee alichoweza kukiingiza ni hiki. Na maana yake ilikuwa moja tu, hapakuwa na ya pili. Mti utahitaji maji. Piga. Mbele nakuachia.

“Nini hicho?” shangazi aliuliza.

Thuraya alipiga magoti, akavuta kisanduku kutoka chini ya kitanda, akakifungua. Vipande vya klarineti vilikuwa vimelala mahali pake, vyeusi, vitufe vyake vya fedha havijafutwa tangu siku ile ya ghala. Akatoa ulimi, kile kipande chembamba cha mwanzi kinachotetemeka na kutoa sauti, akakitia mdomoni. Ulimi mkavu haupigi. Lazima uloweshwe kwa mate mpaka ulainike, na haraka hairuhusiwi.

Shangazi Najiat aliutazama mdomo uliofumba. Aliusimamisha mgongo.

“Thuraya binti Hamdun. Umeposwa na Shilinde, kwa masharti yaliyokubaliwa. Unaridhia?”

Kimya. Thuraya alikuwa akiunganisha kipande na kipande, akisokota taratibu, kama Mwalimu Josepha alivyomfundisha, bila ya kulazimisha. Mti wa mwitu wa nchi hii hii, uliokatwa, ukasafirishwa mpaka Ulaya, ukatobolewa, ukatiwa fedha, na ukarudi. Aliwahi kumwambia Shilinde hivyo: kila kitu kizuri kilitoka hapa kwa njia ya misafara na hakikurudi, isipokuwa huu mti. Shilinde akamjibu kwamba umerudi una maringo.

“Mbili,” alisema shangazi. Alipozungumza tena sauti ya shughuli ilikuwa imeisha. “Unadhani sijui? Chumba hiki kinanuka machungwa mwaka mzima, hata miezi ambayo machungwa hayapo sokoni. Nimekulea tangu mama yako alipofariki. Nilidhani ni ujana, utapita.” Akashusha sauti zaidi. “Ukilipuliza hilo, mwanangu, baba yako atasikia. Watu wote wa sebuleni watasikia. Posa inaweza ikaanguka hapa hapa, na mtoto wa ami yako bado yupo Muscat. Umefikiri?”

Thuraya aliitikia kwa kichwa: ndiyo. Ulimi wa mwanzi ulikuwa bado mdomoni. Machozi yalikuwa yameanza kumtoka, si ya kupendeza.

Shangazi Najiat angeweza kumnyang’anya. Alikuwa na mikono yenye nguvu, mikono iliyokanda unga wa nyumba hii maisha yake yote. Badala yake aliirekebisha kanga begani.

“Thuraya binti Hamdun,” alisema, polepole kupita mara zote. “Unaridhia?”

Thuraya aliutoa ulimi mdomoni, akaufunga mahali pake. Akasimama. Akapuliza.

Sauti ya kwanza ilitoka na kutu, ikajikwaa, ikashika. Kisha ikapanda. Ilikuwa ile sauti ya chini ya klarineti, nene, ya mbao, inayoanzia tumboni, na kutoka hapo akaipandisha juu ngazi moja baada ya nyingine mpaka ikawa nyembamba kama kilio cha mtoto anayekataa kubebwa. Ulikuwa wimbo wao, ule wa ghalani, ule uliotakiwa Dar es Salaam. Alifika mahali ambapo saksafoni huingia na kuitikia. Akapaacha wazi, kama kawaida. Hakuna kilichoingia. Katika ule uwazi alisikia kwamba vikombe vimenyamaza, na Mjomba Ngollo amenyamaza. Akaendelea peke yake mpaka mwisho.

Viatu vya baba yake vilikuja kwenye ukumbi wa ndani. Vilisimama nje ya mlango.

“Najiat,” sauti yake ilisema. “Amejibu nini?”

Shangazi Najiat aliufungua mlango nusu. Alikuwa mfupi kuliko kaka yake, lakini alijaza upenyo wote.

“Hakunyamaza,” alisema.

“Hilo nimelisikia. Mpaka sokoni wamelisikia. Nakuuliza amesema nini.”

“Hakusema hapana.”

“Wala hakunyamaza.”

“Wala hakunyamaza.”

Mzee Hamdun alimtazama binti yake juu ya bega la dada yake. Uso wake haukuwa na hasira, na hilo lilikuwa gumu kulibeba. Ulikuwa uso wa mtu aliyechoka njiani.

“Watu wetu walikuja mji huu kwa miguu kutoka pwani,” alisema. “Hawakuwa na kitu ila jina. Hilo jina nimelilinda mimi maisha yangu yote nyuma ya mita na vitambaa. Mimi sijui muziki, Thuraya. Ila najua watu watasema nini kesho asubuhi dukani.”

“Najua, Baba.”

“Na kijana unamtaka?”

“Namtaka.”

“Bila ya sharti langu.”

“Bila ya sharti, Baba.”

Mzee Hamdun alingoja. Labda alitaka binti yake alifute neno lake. Thuraya alikishikilia kile kipande cha mti kwa mikono yote miwili.

“Basi hakuna posa,” alisema Mzee Hamdun. “Rudisheni sinia la watu.” Viatu vyake vikarudi vilikotoka, vizito, na sebuleni akasikika akimwomba radhi Mjomba Ngollo kwa maneno mazuri ya kizamani, kwamba nasibu haikuandika, kwamba undugu wa msikitini uko palepale.

Shangazi Najiat alianza kulipanga sinia. Alikunja doti za kanga, akauweka udi, akaiweka halua, akaisimamisha chupa ya marashi. Mkono wake ulisita juu ya lile ganda la chungwa.

Thuraya aliwahi. Alilichukua, akalikunja kama lilivyokuja, akairudisha klarineti vipande vipande ndani ya kisanduku, akalilaza ganda juu ya mti uliokuwa bado na joto la pumzi yake. Akafunga.

Shangazi alikuwa ameona. Alilifunika sinia kwa kitambaa chake cheupe, akavuta pembe zake zote zikakaa sawa.

“Kila walichokihesabu kimo,” alisema, akatoka nalo.

Dirisha la chumba lilielekea barabarani. Kupitia nondo zake Thuraya aliwaona: Mjomba Ngollo akivuka na sinia mikononi, mabega yameanguka, na Shilinde akiinuka kwenye kibaraza cha jirani. Shati lake jeupe lilikuwa limelowa mgongoni. Bila shaka alikuwa ameisikia klarineti yote, na ule uwazi ulioachwa kwa ajili yake. Mshenga alimwekea mkono begani, akasema maneno marefu ya faraja ambayo hayakufika dirishani, isipokuwa la mwisho, kwa sababu Wasukuma hawajui kunong’ona.

“Limerudi kamili, mpwa wangu. Twende nyumbani.”

Shilinde aliinua kitambaa. Aliziinua kanga, moja, na nyingine. Akapeleka vidole mpaka chini kabisa ya sinia, akavizungusha huko kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe, akavitoa vitupu. Kisha akaviweka puani.

Alivitazama vidole vile, kisha akainua uso kwenye nondo za dirisha, na uso ule ambao ulikuwa umeandaliwa kwa msiba haukujua pa kwenda.

“Halikurudi kamili, mjomba,” alisema.